Sanamu ya chukudu, na barabara yenye haitaki chukudu



Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nitaandika juu ya njia. Nataka kukosoa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni nadharia yenye wataalamu wa usafiri wanaipenda, ya namna mwendesha baiskeli anachagua njia yake mjini. La pili ni namna yetu sisi watu wa Goma ya kusifu chukudu bila kuipa nafasi ya kupita. Yanaonekana mbalimbali, moja liko Marekani na Ulaya, lingine liko hapa kwetu kwenye rond-point. Lakini yako na ugonjwa mmoja: yote yanamwangalia mtu mwenye anasukuma, yanasahau kile chenye amebeba.

Kwa wenzetu wenye hawajafika Goma: chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Mwenye nayo anaweka goti moja kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma chini. Magurudumu nayo ni ya mbao, yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Hakuna pedali, hakuna mnyororo. Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga na mguu. Ilienea huku kwetu miaka ya 1970, na mpaka leo inabeba mashu, viazi, karoti, makala, mbao na magunia ya kila namna. Tangu 2009 iko na sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini Goma.

Kuko wenye watasema chukudu si baiskeli. Sawa. Lakini ni magurudumu mawili, nguvu ni ya mwili wa mtu, na inagombania lami ileile na gari na pikipiki. Kwa swali la njia, ile inatosha.

1. Nadharia inasema nini

Nianze na haki yao. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Portland, mji wa jimbo la Oregon kule Marekani, Joseph Broach, Jennifer Dill na John Gliebe, walitoa kazi yenye inatajwa sana. Waliwapa waendesha baiskeli 164 vifaa vya GPS, wakafuata njia zenye walipita kweli, si zenye walisema wanapenda. Baadaye wakalinganisha njia yenye mtu alipita na njia zingine zenye angeweza kupita. Hii ni akili nzuri. Ukimuuliza mtu, atakujibu chenye anadhani unataka kusikia. Ukifuata gurudumu lake, gurudumu halina adabu ya kudanganya.

Waliona nini? Mwendesha baiskeli anaangalia umbali, lakini si umbali peke yake. Anakwepa mlima. Anakwepa kona nyingi. Anakwepa makutano yenye gari nyingi. Anakubali kuzunguka kidogo ili apate njia ya baiskeli yenye imetengwa na gari. Na yule mwenye anaenda kazini anavumilia mzunguko kidogo kuliko mwenye anatembea kwa mambo mengine, juu saa inamfukuza.

Waholanzi nao, kwenye mwongozo wao wa CROW wenye wahandisi wa nchi nyingi wanausoma, wanasema njia nzuri ya baiskeli iko na sifa tano: iungane na zingine bila kukatika, iende moja kwa moja, iwe salama, iwe laini kwa mwili, na ipendeze. Mtu akikuambia amepanga mji kwa ajili ya baiskeli, mpime na hizo tano.

Mimi ni mtu wa kilimo, lakini mawazo haya ninayaheshimu. Yanakataa ule uvivu wa kusema watu wanapita ovyo juu hawana akili. Yanasema kinyume: mtu akipita mahali pa ajabu, tafuta barabara imemfanyia nini. Shida yangu inaanza pale nadharia hii inaposhushwa kwenye mji kama wetu bila kubadilishwa.

2. Mteremko

Portland wanasema mtu anakwepa mlima. Hata huku tunaona hivyo, na kwa nguvu zaidi. Angalia miji yetu mitatu. Kisangani ni tambarare kando ya mto, na kule toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, ilikuwa usafiri wa mji mzima. Bukavu ni vilima vya kupanda na kushuka mpaka ziwani, na baiskeli ni chache. Goma imelala kwenye mteremko mmoja mrefu, kutoka miguu ya Nyiragongo mpaka ziwa Kivu. Basi Goma ikazaa chukudu, chombo chenye hakina pedali. Ardhi ilichagua chombo mbele ya mtu kuchagua njia.

Lakini sasa angalia mzigo. Mashu na viazi vya Kibumba vinashuka Goma kwa barabara ya Rutshuru. Kibumba iko juu, mamia kadhaa ya mita kuliko ziwa. Kwa jumla ya safari, mzigo unashuka na chukudu tupu ndiyo inapanda. Kwenye nadharia, mlima ndio adui na mteremko ni zawadi. Kwa mtu mwenye amebeba kilo mia tatu au mia nne kwenye mbao, na breki yake ni kipande cha mpira chini ya mguu, mteremko ni zawadi yenye inaweza kukuua. Anautaka juu bila ule hangeweza kubeba. Anauogopa juu akishindwa kusimama, mbele yake kuko pikipiki, mama mwenye kuuza ndizi, na watoto wa masomo.

Kwa hiyo swali lake si tambarare au mlima. Swali lake ni mteremko gani unamwachia nafasi ya kupunguza mwendo, na chini yake kuko nini. Hilo swali sijaliona kwenye vipimo vyao, na siwalaumu. Mtu mwenye anaenda ofisini na begi mgongoni hana sababu ya kuliuliza. Ninalaumu mwenye anachukua jibu la mtu wa begi na kulifanya sheria ya mtu wa magunia.

3. Kona na kusimama

Portland wanasema watu hawapendi kona nyingi. Kwa mtu wa baiskeli nyepesi, kona ni sekunde chache zimepotea. Kwa chukudu yenye imejaa, kila kusimama ni deni. Mwendo wenye ulipata kwa mteremko au kwa mguu, ukiupoteza, utaulipa tena na goti na mgongo. Mwenye amewahi kusukuma gari lenye betri imekufa anaelewa: kulianzisha ndiyo kazi, likishaanza kutembea ni nafuu.

Ndiyo maana unaona chukudu haitaki kusimama kwenye rond-point. Wenye gari wanatukana, wanasema hawa watu hawajui sheria. Mimi ninaona hesabu. Akisimama, atahitaji watu wawili wa kumsaidia kuanza, na wale watu wanataka kulipwa au wanataka shukrani, na zote ziko na bei. Akipita bila kusimama, anacheza na maisha yake na ya wengine. Kati ya bei na hatari, anapima kila siku, mara nyingi. Sisemi anafanya vizuri. Ninasema mwenye kupanga makutano alimwachia mizani hiyo mikononi, akaenda zake.

Chukua matuta yenye tunaweka barabarani ili gari zipunguze mwendo. Ni kitu kizuri, yanalinda watu wa miguu. Lakini tuta lenye limeziba barabara nzima toka ukingo mpaka ukingo linaipa chukudu mambo mawili tu: ipande na mzigo uruke, ao itoke nje ya lami, ipite kwenye mawe. Nafasi ndogo yenye ingeachwa pembeni isingegharimu hata mfuko mmoja wa simenti. Ingeokoa simenti.

4. Chini ya gurudumu

Ukisoma kazi za wazungu juu ya baiskeli, uso wa barabara unatajwa, lakini si mfalme. Kwao lami iko karibu kila mahali. Kwetu uso wa barabara ndio mfalme, na ule uso uliandikwa na volkano.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu walirudi, wakajenga juu ya mawe yaleyale. Mitaa mingi ya ndani mpaka leo ni makoro, yale mawe meusi yenye meno. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena, na lava ikakata barabara ya Rutshuru kaskazini ya mji, njia ileile ya mashu. Hakuna mji wa Oregon wenye ramani yake inabadilishwa namna hiyo kwa usiku mmoja.

Matokeo ni haya. Mu mitaa ya ndani gari ni chache, na kwa nadharia mwendesha baiskeli angekimbilia kule, juu anakwepa gari. Lakini kule ni makoro. Gurudumu la mbao na makoro haviwezi kuishi pamoja. Basi chukudu inakuja kwenye barabara kubwa yenye lami, pale gari ni nyingi, juu lami ni pale tu. Mtu wa mbali akiangalia atasema watu wa Goma wanapenda barabara zenye gari nyingi. Hapana. Wanapenda lami, na lami imekaa na gari nyumba moja.

Hapa ndiyo kilimo kinaingia, na hapa ndiyo ninaomba mnisikilize vizuri.

Chuo tulisoma hasara ya baada ya mavuno. Mwaka 2011 FAO ilikadiria kama theluthi moja ya chakula cha dunia kinapotea ao kinatupwa kati ya shamba na mdomo. Sisi tulijifunza kulaumu ghala, panya, unyevu, ukungu. Sikumbuki somo moja lenye lilitaja jiwe la barabarani. Lakini kiazi chenye kimegongwa na makoro safari nzima hakionyeshi kidonda siku ile. Kinafika sokoni kikiwa kizima kwa macho. Chini ya ganda nyama imeshaumia, mlango wa kuoza umefunguka, na baada ya siku chache gunia linaanza kunuka. Mashu nayo: jani la nje likipasuka linavuliwa, mama anavua moja, anavua la pili, na kichwa chenye kilikuwa cha bei kubwa kinakuwa cha bei ndogo.

Nani analipa? Mnunuzi wa jumla anajua sehemu fulani itaharibika njiani. Hasubiri iharibike, anaikata mapema kwenye bei yenye anampa mkulima ku shamba. Kwa hiyo jiwe lenye liko mtaani Goma linakula mfukoni mwa mama wa Kibumba mwenye hajawahi kuliona. Na mnunuzi wa Birere analipa upande wake. Njia ya chukudu ni sehemu ya shamba. Ndiyo maana mtu wa kilimo yuko na haki ya kusema juu ya barabara bila kuomba ruhusa kwa mtu wa ujenzi.

5. Neno "kuchagua"

Sasa nifike kwenye lawama yangu kubwa kwa nadharia: neno lenyewe. Kuchagua. Ili mtu achague njia, lazima kuwe na njia mbili zenye zinapitika, na yeye awe ndiye mwenye kuamua.

Tuangalie la kwanza. Kutoka kaskazini kuingia mjini na mzigo mzito, njia zenye zinapitika unazihesabu kwenye vidole, na haumalizi mkono mmoja. Uwanja wa ndege na mashamba ya lava vimekaa katikati na kuziba. Na juu ya hayo kuko vita. Mwisho wa 2022 mapigano yalifika Kibumba, na barabara ya Rutshuru ikafungwa. Mwanzo wa 2024 yalifika Sake, upande wa magharibi nao ukabanwa. Katika miezi kama ile, hesabu ya mapendeleo ya mwendesha baiskeli ni mchezo wa watoto. Mfumo wenye hauna nafasi ya kuandika "barabara imefungwa na bunduki" hauwezi kueleza usafiri wa Kivu.

La pili: nani anaamua? Mara nyingi mzigo si wa mwenye kusukuma. Mwenye mzigo anasema ufike soko fulani, saa fulani. Chukudu yenyewe inaweza kuwa ya mtu mwingine, inakodishwa, na jioni mwenye nayo anataka pesa yake. Njiani kuko mahali pa kusimamishwa, kuko mwenye anadai ushuru na karatasi ao bila karatasi, kuko ma-roulage wenye siku moja wanakuachia na siku ingine hapana. Mtu anajifunza ramani ingine, yenye haikuchorwa: wapi watu wanasumbua na saa ngapi hawapo. Kuko wenye wanaanza safari usiku wa manane juu ya ile, na wanakutana na giza na gari zisizo na taa. Ukiweka GPS kwenye chukudu yake utaona mstari. Hautaona hofu yenye ilichora ule mstari.

Kuko na jambo lingine lenye ninalipenda, juu si la huzuni. Njia ni soko. Mwenye makala ao mashu yake mwenyewe hapiti tu, anauza akipita. Atapita mtaa wenye mama wanamjua, hata kama ni mzunguko. Kwenye nadharia atahesabiwa kama mtu mwenye hajali umbali. Anaujali sana. Lakini kila mita iko na mnunuzi, kwa hiyo ile mita si hasara. Portland walihesabu safari kama kutoka hapa kufika kule. Kwetu safari nyingi zinafanya kazi katikati.

6. Nani anahesabiwa

Siku hizi miji mingi inatumia programu za simu kujua baiskeli zinapita wapi. Strava ni moja, na ramani zake zenye rangi ya moto zinapendeza kweli. Lakini zinaonyesha mwenye yuko na simu ya kisasa, yuko na intaneti, na aliwasha programu. Kwa Goma, ramani kama ile itaonyesha nini? Itaonyesha mgeni wa shirika mwenye anafanya mazoezi jumapili kando ya ziwa. Mwenye amesukuma magunia toka usiku hataonekana. Kesho mtu wa mipango ataangalia ramani, ataona njia ya mazoezi inawaka, ataona barabara ya Rutshuru iko nyeusi, na atajenga njia ya baiskeli mahali penye hakuna mashu hata moja.

Si hadithi ya kutisha tu. Ni namna takwimu zinafanya kazi: chenye hakihesabiwi, hakipewi bajeti.

7. Sanamu

Sasa tujigeukie sisi wenyewe.

Sanamu ya chukudu ni nzuri. Ninasema bila kejeli. Miji mingi ya Afrika iko na sanamu za marais na majemadari. Goma ilimpandisha juu mtu mwenye anabeba chakula. Mgeni akifika anapiga picha, na sisi wenyewe tukienda mbali tunaiweka kwenye wasifu wa simu. Hakuna ubaya.

Lakini iangalie kama kazi ya sanaa, uisome vile tunasoma kitabu. Mtu yuko juu ya nguzo. Hagusi chini. Gurudumu lake halikutani na jiwe, na hakuna pikipiki yenye inamkata mbele. Chini yake gari zinamzunguka bila kumsumbua. Ni chukudu pekee mjini yenye iko na nafasi yake peke yake, na imeipata juu haisogei.

Ninachokosoa ni masomo yenye tunatoa pale. Tunasema chukudu ni alama ya uvumilivu wa watu wa Goma. Mabango yanasema, wanahabari wanasema, ma-ONG wanasema kwenye ripoti. Neno uvumilivu liko na sumu kidogo. Ukimsifu mtu kwa kuvumilia, haulazimiki kuondoa kile chenye anavumilia. Tukimsifu mkulima kwa kuvumilia njaa, tutaona haya. Kwa nini hatuoni haya kumsifu mtu kwa kuvumilia barabara?

8. Wenye watanipinga

Najua majibu yenye yatakuja, basi niyachukue mbele.

Wa kwanza atasema: chukudu inachelewesha gari, inaleta ajali, dawa ni kuifukuza barabarani. Sehemu ya kwanza ni kweli: chombo cha polepole na chombo cha mwendo wa kasi kwenye mstari mmoja ni ajali yenye inasubiri saa. Lakini ukiifukuza, mashu yatafika na nini? Gari ndogo ya mizigo inahitaji mafuta na mzigo wa kujaa. Mama mwenye anavuna magunia mawili hawezi kuijaza. Ukiondoa chukudu bila kuweka kitu cha bei yake, unamwondoa mkulima mdogo sokoni, na mwenye shamba kubwa anabaki peke yake.

Wa pili atasema: wakati wa chukudu umepita, sasa ni pikipiki za magurudumu matatu. Inawezekana, na mimi sitalia. Sitaki mtoto wa mtu asukume kilo mia nne mpaka goti lioze, eti juu ni utamaduni. Mwenye anaimba uzuri wa chukudu, mara nyingi hajaisukuma. Lakini ile ya magurudumu matatu nayo inapita kwenye ukingo uleule wenye umevunjika, na inarusha viazi juu ya makoro yaleyale. Barabara yenye imetengenezwa vizuri kwa chombo dhaifu inawafaa wote wenye wako na nguvu kuliko yeye. Kinyume chake si kweli.

Wa tatu, huyu ninamheshimu zaidi, atasema: mji wenye vita na wakimbizi hauna nafasi ya kufikiria ukingo wa barabara. Jibu langu: mji wenye barabara zake zinafungwa mara kwa mara ndio wenye unahitaji chakula kifike kwa kile kidogo chenye kimebaki wazi. Wakati mafuta ni ghali na gari zimekimbia, chenye kinabeba ni mguu na mbao.

9. Kifanyike nini

Sifanyi mpango wa mji, si kazi yangu. Lakini mkosoaji mwenye habebi hata jiwe moja la kujenga ni mpita njia tu.

Kwanza, bega la barabara. Kwenye barabara zenye mizigo inaingia, pembeni ya lami kuwe na upana wa chukudu moja na nafasi ya kupumua. Si lazima iwe lami. Changarawe ya lava tunayo kushinda mji wowote. Isagwe, isambazwe, ishindiliwe, na muhimu kuliko yote, iwe sawasawa na lami bila ngazi. Ile ngazi ya ukingo ndiyo inafanya mtu aogope kutoka barabarani hata akisikia lori nyuma yake.

Pili, matuta yaachiwe nafasi pembeni.

Tatu, mahali pa kusimama na pa kushushia, kwenye kivuli, njiani mwenyewe. Ninasema njiani mwenyewe kwa makusudi. Tukijenga depo nzuri mahali pabaya, mbali na wanunuzi, itabaki tupu, na tutasema watu wetu hawapendi maendeleo. Hapo Waholanzi wako na haki: njia yenye haiendi moja kwa moja haitapata watu, hata uipake rangi.

Nne, na hili ni letu sisi wenye tumesoma: kuhesabu. Si lazima GPS. Watu wawili, karatasi, kalamu, kwenye makutano moja, toka alfajiri mpaka jioni: ngapi zimeingia, zimebeba nini, zimetoka wapi, ngapi zimetoka nje ya lami na kwa nini. Waulizwe wenyewe ni mahali gani wanaogopa, na yale majibu yawekwe kwenye ramani. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya mavuno ya kiazi kwa hektari. Hata tano tu kwa mwaka zingefuata kiazi kilekile mpaka sokoni, mu miaka michache tungekuwa na kitabu chenye hakuna ofisi ingeweza kukikataa.

Watafiti wa Portland walitufundisha jambo moja lenye thamani: usimuulize mtu anapenda nini, angalia anapita wapi. Mimi ninaongeza la Kivu: ukishaangalia anapita wapi, uliza nani alimfungia njia zingine zote. Bila swali hilo la pili, tutaita lazima kwa jina la mapendeleo, na shida kwa jina la uvumilivu.

Wa génie civil, wa uchumi, wa sheria, mnasoma hapa, nawajua. Ninyi wa ujenzi mtuambie bega la changarawe kwa kilomita moja linagharimu ngapi. Wa sheria mtuambie ushuru wa chukudu umeandikwa wapi, kama umeandikwa. Wa uchumi mpige hesabu ya hasara kwa gunia moja. Mimi nitaleta viazi: nitavikata na kuwaonyesha jiwe limeandika nini ndani.